Padi inajuaje nimeinamisha mkono, na je, dadangu anaweza kuitengenezea gemu?

"Mtaalamu, habari. Nina kibanda cha gemu huku Umoja, Nairobi, PS4 tatu na Wii moja ya zamani ambayo watoto huipigania Jumamosi. Padi moja ya PS4 niliyonunua mtumba Luthuli ina shida. Nikiandika jina kwenye skrini kwa kuinamisha padi, kishale kinateleza chenyewe kwenda kushoto hata padi ikiwa imelala mezani. Fundi ananiambia padi hujua mkono uko wapi kwa kupima nguvu ya Bluetooth kati yake na mashine, eti kihisi kimechoka, nimpe shilingi 2,500 akibadilishe. Jirani naye anasema ni TV inayoona mkono, kama ile fimbo ya Wii inayowekwa juu ya skrini. Nimwamini nani? Halafu dadangu mdogo yuko mwaka wa pili chuoni, anajua Python, na anataka kuunda gemu ya bano (gololi) inayochezwa kwa kuinamisha padi. Ameambiwa bila mashine maalum ya mamilioni hawezi, na kwamba kuprogramu konsoli ni kazi ya Wajapani na Wamarekani. Nimlipie kozi, nitafute hiyo mashine, au nimwambie asahau?"

Usimpe fundi hizo pesa kwanza, na dadako usimwambie asahau. Umeuliza mambo mawili lakini jibu lake linaanzia mahali pamoja: padi yako haijui iko wapi. Haijui kama umekaa karibu na TV au umesimama mlangoni, haijui kama umeiinua juu ya kichwa au umeilaza magotini. Inajua inasukumwa kiasi gani na inazungushwa kwa kasi gani, basi. Hayo mengine yote unayoyaona kwenye skrini ni programu inayokisia, na hukisia vizuri au vibaya kutegemea aliyeiandika. Hitilafu ya kishale chako inatoka hapo, na nafasi ya dadako iko hapo hapo.

Nianze na Bluetooth, maana hiyo hadithi nimeisikia mara nyingi. Bluetooth kazi yake ni kubeba ujumbe. Nguvu ya mawimbi yake hupanda na kushuka mtu akipita katikati, ukifunika padi kwa viganja, au hata ukisogeza kiti. Huwezi kuitumia kujua mkono umeinama digrii ngapi. Ukitaka kuhakikisha, iunganishe padi hiyo na kompyuta kwa waya bila kuwasha Bluetooth kabisa. Itaendelea kutoa namba za mwendo kama kawaida.

TV nayo haioni chochote. Hilo wazo limetokana na Wii, na Nintendo wenyewe walichangia kuwachanganya watu. Wii ilipotoka Novemba 2006 ilikuja na ile fimbo nyembamba ya kuweka juu au chini ya TV, wakaipa jina la kihisi, ilhali ndani yake hakuna kihisi hata kimoja. Kuna taa ndogo za infraredi tu, kundi moja kila upande, mwanga ambao jicho la mtu haliuoni. Kamera iko upande wa pili, kwenye ncha ya rimoti. Rimoti huona nukta mbili za mwanga, ikatuma mahali zilipo katika picha yake, na Wii ikakokotoa rimoti imeelekezwa wapi. Nukta zikihamia kulia kwenye picha, mkono umegeukia kushoto. Nukta zikikaribiana, mchezaji amerudi nyuma. Kwa sababu hiyo mtu aliyepoteza fimbo anaweza kuwasha mishumaa miwili mbele ya TV, iachane shubiri moja hivi, na rimoti ikafanya kazi. (Usiweke matumaini hayo siku umeme umepotea, Wii yenyewe itakuwa imezima.) Kwa sababu hiyo hiyo rimoti huchanganyikiwa jua la saa kumi likiingia dirishani nyuma ya TV. Na kwa kuwa bado unayo hiyo Wii, chukua simu, fungua kamera, hasa ile ya mbele, uielekeze kwenye fimbo Wii ikiwa imewashwa. Kwa simu nyingi utaona taa zikimeta rangi ya zambarau. Upande mmoja ukiwa giza, hapo una taa iliyokufa au waya uliokatika, na rimoti zako hazina kosa.

Sasa tuingie ndani ya padi ya PS4. Kuna chipu yenye upana wa milimita chache, na ndani yake vihisi viwili vyenye tabia tofauti kabisa.

Cha kwanza ni akselerometa. Ni kipande cha silikoni kilichoning'inizwa kwa springi za silikoni hiyo hiyo, kimezungukwa na vibamba vyembamba vinavyopima kwa umeme nafasi iliyobaki kati yao. Padi ikisukumwa, kipande hubaki nyuma kidogo, nafasi ikabadilika, chaji ya umeme ikabadilika, na chipu ikatoa namba. Ni kama ulivyo wewe umesimama ndani ya matatu Jogoo Road na dereva akakanyaga breki: unarushwa mbele, na hata ukiwa umefumba macho unajua gari limefanya nini. Lakini matatu ikitulia kwenye mwendo mmoja, macho bado umeyafumba, huwezi kusema kama mmeshapita Makadara au bado. Akselerometa ni hivyo hivyo. Inahisi mabadiliko ya mwendo, mahali haipajui.

Kuna jambo hapa linalowashangaza wengi. Padi iliyolala mezani haisomi sifuri. Inasoma 1 g, yaani ule mchapuko (kuongezeka kwa kasi) wa mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, kwa sababu meza inaisukuma juu kuzuia isianguke. Sifuri huipata pale tu inapokutoka mkononi, kwa muda ule mfupi iko hewani kabla ya kugonga sakafu. Usomaji huu wa 1 g una thamani kubwa. Ukiinamisha padi, ile 1 g hugawanyika upya kati ya mihimili mitatu ya kihisi, na kwa hesabu ya pembe unapata imeinama mbele au nyuma kiasi gani, kushoto au kulia kiasi gani. Mvutano wa dunia hauchakai na hauhitaji kusawazishwa, kwa hiyo jibu hilo linabaki sahihi leo na mwaka kesho.

Ila kuna mzunguko mmoja ambao mvutano hauuoni. Weka padi mezani, uizungushe ikiwa imelala vile vile mpaka ncha yake ielekee mlangoni. Chini bado ni chini. Namba za akselerometa hazijabadilika hata kidogo, ilhali padi imegeuka robo mzunguko mzima. Kumbuka hilo, tutalirudia kwenye kishale chako.

Kihisi cha pili ni jairoskopu. Usifikirie gurudumu linalozunguka kama lile la kwenye ndege za zamani. Hapa ni kipande kingine cha silikoni kinachotetemeshwa kwa umeme, huku na huku, maelfu ya mara kwa sekunde bila kupumzika. Padi ikizungushwa wakati kipande kinatetemeka, kipande husukumwa pembeni, kwa pembe mraba na mwendo wake. Nguvu hiyo inaitwa nguvu ya Coriolis, kwa jina la Mfaransa aliyeifafanua mwaka 1835, na ukubwa wake hutegemea kasi ya mzunguko. Chipu hupima msukumo huo wa pembeni na kutoa jibu: digrii kadhaa kwa sekunde.

Hiyo ni kasi, si pembe. Ili kujua padi imegeuka kiasi gani, programu inabidi ijumlishe kasi hizo kila baada ya milisekunde chache: imegeuka kidogo, na kidogo tena, na kidogo tena. Hapo ndipo shida yako inapozaliwa. Hakuna jairoskopu ya bei hii inayosoma sifuri kamili ikiwa imetulia. Kila moja ina kosa dogo la kuzaliwa, na kosa hilo hubadilika kadiri chipu inavyopata joto. Tuseme lako ni nusu digrii kwa sekunde. Programu inajumlisha nusu, na nusu, na nusu, na baada ya dakika moja inaamini padi imegeuka digrii 30 huku imelala mezani hujaigusa.

Kwa nini basi kishale kinakimbilia kushoto na si chini? Kwa sababu programu nzuri huchanganya vihisi vyote viwili. Inamwamini jairoskopu kwa yanayotokea sasa hivi, maana ni mwepesi na hatikiswi na mikono inayotetemeka, kisha inamsahihisha polepole kwa akselerometa, ambayo ina kelele nyingi lakini haisahau chini ni wapi. Kosa la juu na chini linarekebishwa na mvutano wa dunia kabla hujaliona. Kosa la kushoto na kulia halina wa kulirekebisha. Padi yako inateleza upande ule ule ambao hakuna kitu cha kuishikilia.

Pengine utauliza kwa nini wasitumie akselerometa kujua padi imesogea sentimita ngapi, wakamaliza. Wamejaribu, hesabu inakataa. Kutoka mchapuko hadi mahali lazima ujumlishe mara mbili, na kosa linakua kwa mraba wa muda. Chukua kosa dogo sana, asilimia moja tu ya g. Baada ya sekunde 10, padi iliyolala mezani itadai imesafiri karibu mita 5, yaani imeshatoka kibandani na iko barabarani. Hivyo makampuni yaliyotaka kujua mahali hasa mkono ulipo yalilazimika kurudi kwenye kamera. Wii walikuwa na taa na kamera, kisha mwaka 2009 wakaongeza kifaa chenye jairoskopu cha kuchomeka chini ya rimoti. Rimoti ya PlayStation Move ya 2010 ilikuwa na mpira unaowaka kwenye ncha: ukubwa wa mpira unajulikana, kwa hiyo kamera ikiuona mdogo inajua uko mbali. Kinect ya Microsoft, mwaka huo huo wa 2010, ilitupa padi kabisa na kumwaga nukta za infraredi chumba kizima ili kusoma mwili wa mchezaji. Teknolojia nzuri sana, lakini ilitaka mtu mmoja asimame karibu mita 1.8 kutoka kwenye kamera na wawili zaidi ya hapo. Kwenye chumba chetu cha futi kumi kwa kumi, ukishatoa kitanda na kochi, hizo mita unazitoa wapi?

Turudi kwa padi yako. Kabla ya kuhukumu jairoskopu, hakikisha si kijiti cha kushoto kinachokusumbua, maana watu huita shida zote mbili kwa jina moja. Kijiti hakina uhusiano na vihisi vya mwendo. Chini yake kuna njia ya kaboni na kidole cha chuma kinachoisugua kila unaposukuma. Kaboni ikilika, padi husoma kama mtu amekisukuma kijiti kidogo. Nenda kwenye menyu ya kawaida ya PS4, weka padi mezani, usiiguse. Uteuzi ukihama wenyewe kutoka kitu hadi kitu, hicho ni kijiti. Menyu ikitulia, halafu ukaenda kwenye kibodi ya skrini, ukabonyeza R3 (kijiti cha kulia ukikisukuma ndani) kuwasha uandishi wa kuinamisha na kishale kikaanza safari, hiyo ni jairoskopu.

Ikiwa ni jairoskopu, zima padi, iache ipoe, kisha iwashe ikiwa imelala juu ya kitu kisichotikisika, uiache sekunde kadhaa kabla ya kuishika. Na ninaposema kisichotikisika namaanisha si ile meza iliyobeba woofer. Nimeingia vibanda vingi ambavyo padi zote zimepangwa juu ya spika, halafu mwenye kibanda anashangaa vihisi vina wazimu. Programu nyingi hungoja padi itulie ndipo zijifunze kosa lake la kuzaliwa na kulitoa. Meza ikitetemeka hazipati nafasi hiyo. Ukiwa na kompyuta, programu ya gemu ya Steam ina sehemu ya kusawazisha jairoskopu, na wenye Nintendo Switch wanayo ndani ya mipangilio ya mashine. Kile kitufe kidogo kilicho kwenye tundu nyuma ya padi ya PS4, karibu na L2, kinafuta muunganisho wa Bluetooth. Kibonyeze padi ikikataa kuungana. Kwa kishale usitarajie muujiza.

Kuhusu kubadilisha kihisi, mimi singefanya. Chipu yenyewe imelehemiwa kwa chini, miguu yake haionekani, kwa hiyo inatolewa kwa hewa ya moto na mkono uliotulia. Lakini hata fundi akiwa hodari, kuna jambo ambalo wengi hawalisemi. Kiwandani kila padi hupimwa, na namba za kusahihisha vihisi vyake huhifadhiwa ndani ya padi yenyewe. Ukiweka chipu ya padi nyingine, inasahihishwa kwa namba za ile iliyoondoka. Unaweza kulipa 2,500 ukarudi na kishale kinachoteleza kulia. Pia padi ya mtumba inaweza kuwa bandia kabisa. Ziko nyingi mjini, na baadhi hazina jairoskopu ya kueleweka hata zikiwa mpya.

Na kwa biashara yako, je, shida hii inakupotezea hata shilingi moja? Wateja wako, nadhani, wanakuja kucheza mpira, na gemu za mpira za PS4 hazitegemei kihisi cha mwendo. Tumia vijiti kuandikia majina na maisha yaendelee. Kijiti kikichakaa, hapo lipa: kipuri ni rahisi na kazi ni ya kawaida kwa fundi yeyote wa padi. Mwambie tu akimaliza kulehemu akisawazishe kwenye kompyuta, maana kijiti kipya kisichosawazishwa hukaa kombo. Siku hizi kuna zana za bure za kazi hiyo zinazofunguka kwenye kivinjari, na fundi asiyezijua anaweza kujifunza jioni moja.

Sasa dadako. Aliyemwambia kuprogramu konsoli ni kazi ngumu hakuongopa, ila habari zake ni za zamani. PS3 ya mwaka 2006 ilikuwa na chipu ya Cell: kiini kikuu kimoja, na pembeni viini vidogo ambavyo sita kati yake ndivyo gemu ingeweza kutumia, kila kimoja na kumbukumbu yake ya kilobaiti 256 tu. Msanidi, yaani mtengenezaji wa gemu, ilimbidi akate kazi vipande vipande, akipakie kila kiini kwa mkono, asubiri, apakue. Studio kubwa zililia. Wii ya mwaka huo huo ilikuwa rahisi kwa sababu ndani ilifanana sana na GameCube ya 2001, ambayo wengi walishaizoea. Mwaka 2013 PS4 na Xbox One zilikuja na vichakataji vya familia ile ile ya kompyuta za kawaida, na tangu hapo gemu iliyoandikwa vizuri kwenye kompyuta haiko mbali na konsoli. Injini za gemu, yaani programu za kutengenezea gemu kama Unity na Unreal, hubeba sehemu kubwa ya mzigo uliobaki.

Kilichobaki kigumu ni mlango. Ile mashine ya wasanidi haiuzwi Luthuli wala Moi Avenue, kwa hiyo usiitafute, na mtu akikuletea moja ya kichochoroni usiinunue. Sony, Nintendo na Microsoft kila mmoja ana utaratibu wake: unaomba kusajiliwa, unaeleza gemu yako, unatia saini mkataba wa siri, ukikubaliwa ndipo unaruhusiwa kupata zana na mashine. Programu ya Microsoft ya wasanidi huru, ID@Xbox, ilianza mwaka 2013. Nintendo walifungua tovuti yao kwa yeyote kujisajili mwaka 2016. Wanachotazama zaidi ni kama una kitu cha kuonyesha na kama umejipanga kibiashara, na kujisajili kibiashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, si jambo la kumtisha mwanafunzi. Kwa upande wa PlayStation tuna kisirani chetu: Kenya haimo kwenye orodha ya nchi za PSN, mtandao wa PlayStation, wengi wetu tunafungua akaunti kwa kujiandikisha kama tuko Afrika Kusini au Uingereza. Kwa mchezaji hiyo ni njia ya kupita. Kwa mtu anayetaka kusaini mkataba na kulipwa, anwani ya uongo ni mwanzo mbaya, na dadako asikubali kushauriwa hivyo.

Mlango ulio wazi zaidi ni wa Xbox. Tangu 2016 Xbox One ya kawaida, ile ile ya dukani, inaweza kugeuzwa kuwa mashine ya majaribio ya msanidi. Lakini kuna kichekesho hapa: padi ya kawaida ya Xbox haina jairoskopu. Konsoli iliyo rahisi kuingia ndiyo isiyoweza kuhisi mkono umeinama.

Kwa hiyo aanze bila konsoli. Mahitaji karibu yote unayo kibandani: padi ya PS4 na kompyuta yoyote inayowasha Linux. Akichomeka padi, Linux huionyesha kama vifaa kadhaa tofauti, kimoja cha vitufe, kimoja cha ubao wa kugusa, na kimoja chenye jina linaloishia na Motion Sensors. Hicho cha mwisho anakisoma kwa Python kwa maktaba ya evdev, mistari michache tu, na namba sita zitaanza kumiminika: tatu za akselerometa, tatu za jairoskopu. Ainamishe padi, atazame ipi inapanda. Ailaze mezani, aone zile za jairoskopu zinavyokataa kukaa sifuri. Saa moja ya kutazama namba hizo itamfundisha kuliko muhula wa nadharia. Atumie padi nzima kwanza, kisha hiyo yako mbovu. Hiyo mbovu ni mwalimu mzuri, akiweza kuidhibiti ataweza zote.

Kisha aandike ule mchanganyiko niliokueleza. Kwa kila sampuli achukue pembe ya zamani, aongeze kasi ya jairoskopu mara muda uliopita, jibu hilo alipe uzito wa asilimia 98, na pembe iliyotoka kwa akselerometa alipe asilimia 2. Ni mstari mmoja wa hesabu. Akipunguza hiyo 98 pembe itatetemeka. Akiipandisha sana itaanza kuteleza. Acheze nayo mpaka mkono wake uridhike, kwa sababu hapo hakuna kitabu, ni hisia ya mchezaji.

Nimefurahi pia kwamba amechagua bano. Gemu ya kuinamisha ubao ili gololi ibiringike inahitaji pembe mbili tu, mbele-nyuma na kushoto-kulia, na zote mbili ni zile ambazo mvutano wa dunia unazilinda. Ule upande unaoteleza kwenye kishale chako hauhitajiki kabisa. Angekuja na wazo la panga au la kupiga ngoma hewani ningemwambia ajiandae kuteseka, maana huko programu inabidi ibuni mkono uko wapi. Hapa anaweza kuanza hata kwa akselerometa peke yake.

Akishaelewa namba, ahamie Godot. Ni injini ya bure, lugha yake inafanana na Python, na inasoma vihisi vya simu moja kwa moja. Ningependa gemu ya kwanza iwe ya Android, kwa sababu simu ndiyo konsoli ambayo tayari iko mfukoni mwa wateja wako wote. Azingatie tu kwamba simu nyingi za bei nafuu zina akselerometa lakini hazina jairoskopu. Gemu ijaribiwe kwenye simu ndogo ya mtu wa kawaida. Godot yenyewe haiji na njia ya kutoa gemu ya konsoli, kwa sababu zana za makampuni hayo ziko chini ya mikataba ya siri na Godot iko wazi kwa wote. Akifika huko kuna kampuni zinazolipwa kufanya kazi hiyo, au atahamishia kwenye injini nyingine. Si jambo la mwaka huu.

Kozi usilipie bado. Anayejua Python na ana padi mkononi anaweza kufika mbali kwa nyaraka za bure, na kozi nyingi za gemu zinazouzwa mjini zitamfundisha kuburuta picha kwenye skrini, jambo ambalo halihusiani na hili. Mpe miezi michache. Akikwama mahali maalum, kwa mfano hesabu za mzunguko wa pande tatu, hapo mlipie mtu wa kukaa naye ana kwa ana, au aulize mhadhiri wake wa hisabati, ambaye hatatoza chochote. Akitaka kuona vihisi vyenyewe na kuviunganisha kwa mkono, FabLab ya Chuo Kikuu cha Nairobi ni mahali pa kubisha hodi.

Kwako wewe, yako mambo mawili ya kumpelekea fundi bila kungoja. Padi iliyomwagikiwa soda, isichajiwe tena mpaka ifunguliwe na kusafishwa. Na padi ambayo mgongo wake umeanza kuachana au kufura: hiyo ni betri ya lithiamu imevimba, usiibane wala kuitoboa, itoe kwenye chaja na uiweke mbali na watoto wa Jumamosi mpaka ibadilishwe.

Halafu mnunulie dadako waya wa micro-USB, na dukani sema wazi unataka wa data. Nyingi za bei ya chini hupeleka chaji tu, na atakaa usiku mzima akidhani kosa liko kwenye programu yake.